Mawaridi ya Bluu

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia dukani kwa shangazi yake, muuza maua. Jina hilo la utani lilitokana na mdomo wake, kwa maana hata akizungumza na ndoo tupu hakukosa la kusema. Hata hivyo, kazi aliijua. Alibadilisha maji, akachambua majani makavu, kisha akayafunika maua kwa nailoni na kuyaweka chumba cha nyuma, penye giza na ubaridi. Ndivyo walivyofanya siku zote ili maua yasinyauke.

Wiki hiyo mwalimu mkuu aliagiza dukani hapo maua ya sherehe ya kuwaaga wahitimu. Alitamani yawe ya bluu, rangi ya shule, lakini mjini hayakuwepo. Chiriku akasimama darasani.

"Nitaleta mawaridi ya bluu!" alisema. "Tumesoma kwamba maji hupanda ndani ya mmea kwa mirija myembamba. Nikitia rangi kwenye maji, nayo itapanda."

"Sema utayapaka kwa brashi!" alidakia Twiga, mvulana mrefu kuliko wote. Darasa zima likaangua kicheko.

"Subiri siku ya sherehe," Chiriku alijibu, ingawa masikio yalikuwa yanawaka moto.

Shangazi alimpa mawaridi meupe na rangi ya kutilia keki. "Haya, fundi. Yakigoma tutapeleka meupe, wewe na mdomo wako mtajuana."

Chiriku alikoroga rangi, akayatumbukiza mawaridi, akayafunika kwa nailoni na kuyapeleka chumba cha nyuma. Kesho yake, siku moja kabla ya sherehe, alikuta yangali meupe pe. Aliwaza vile watakavyomcheka, akachukua brashi na kuichovya kwenye rangi. Nani angejua? Lakini aliona aibu hata kabla ya kuanza, akaiweka chini.

"Shangazi, yamekataa," alisema kwa unyonge.

Shangazi aliitazama brashi. Kisha akauliza, "Hebu nieleze, maji yanapandaje? Yanasukumwa na nani?"

"Mizizi inafyonza maji pamoja na chumvichumvi za udongoni. Mirija ya shina inayapeleka juu. Majani yanatoa maji hewani kama mvuke, na yakitoka hayo, yanavuta mengine nyuma yake..." Chiriku akainama kuyatazama maua. Upande wa ndani wa nailoni ulikuwa umejaa matone. "Shangazi! Tumeyaziba! Humu hewa imeshiba unyevu, maji hayana pa kutokea. Ndiyo maana rangi haipandi!"

Shangazi alicheka hadi akashika meza. "Kumbe! Siku zote nafunika ili yasipoteze maji. Leo tunataka yanywe, na bado tunayafunika!"

Walifanya kazi bega kwa bega. Waliondoa nailoni, wakakata upya ncha za mashina kwa kisu kikali, zikiwa ndani ya maji ili hewa isiingie kwenye mirija. Wakayaacha mawaridi na majani yake, wakayarudisha kwenye maji ya rangi na kuyaweka dirishani penye mwanga na upepo. Jioni, mistari ya bluu ilianza kutambaa kwenye petali. Asubuhi mawaridi yote yalikuwa ya bluu, na Chiriku alirukaruka dukani kama mtoto wa chekechea.

Shuleni Twiga aliyachunguza kwa jicho la shaka. Chiriku alikata shina moja, akamwonyesha vitone vya bluu pale mirija ilipopita. "Mara ya kwanza nilishindwa," alimwambia bila kuficha. "Nilikuwa nimeyafunika."

"Basi, nimenyoosha mikono," alisema Twiga. "Nifundishe na mimi."

Mwalimu mkuu alimwita Chiriku mbele, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Shangazi, aliyekaa nyuma, alifuta machozi bila kujificha.

Walipokuwa wakirudi alimshika bega. "Ringa, mwanangu, leo una haki. Ungeyapaka kwa brashi, makofi yangekuwa hayohayo, lakini moyoni ungejua si yako. Kazi ikikushinda, usiifunike. Itazame tena mpaka ujue ulipokosea, ndipo sifa utakayopata iwe yako kweli."