Jiwe Kwenye Foleni

Kila siku akitoka shuleni, Severa alifua sare yake, akaianika uani, kisha akabeba ndoo kwenda bombani. Akirudi alimkuta kaka yake, Melkiori, akinywa uji kabla ya zamu ya usiku kwenye karakana ya Gerezani, huku akimtania mama yao kwamba cherehani yake inakohoa na inahitaji dawa.

Mwezi ule utani ulikwisha. Melkiori alirudi kutoka hospitali, akajifungia chumba cha nyuma, akawa anautazama ukuta. Uji wake ulipoa mpaka ukafanya utando.

Chumba kile kilikuwa cha mjomba Benjamini. Enzi za mkoloni alikwenda kuomba kazi bandarini, daktari wa Kizungu akampima kifua kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema hafai. Mtaa ukamwita nusu mtu. Asubuhi moja akatoka bila kuaga, na hakuna ajuaye alikoishia. Sasa mama alipopita mlangoni alijikuta akiita, "Benjamini, njoo ule," kisha akajiziba mdomo. Severa akachungulia ndani. Mgongo ule ulioinama mle chumbani haukuwa tena wa kaka yake.

Melkiori alikuwa amechoka kwa wiki nyingi, hata nyundo ikamshinda. Daktari Bakili aliagiza damu yake ipimwe, pamoja na kichocheo cha kiume, kile kinachovunja sauti ya mvulana na kumwotesha ndevu. Siku ya majibu karani hakumwita pembeni. Alipaza sauti dirishani, foleni nzima ikisikia: "Wewe, kichocheo cha kiume kiko chini. Kamwone daktari."

Mkoloni alikuwa ameondoka na bendera yake, lakini ulimi wake aliusahau pale dirishani. Melkiori hakwenda kwa daktari. Alikwenda nyumbani, na habari ilikuwa imemtangulia. Kesho yake vijana wa karakana, walewale walioitana ndugu kila zamu, walimpokea kwa adabu za kejeli: "Shikamoo, shangazi."

Jumamosi, Severa alimkuta akifunga nguo zake kwenye shuka. Alikuwa amemwambia mama kwamba atamwacha Klara, mchumba wake, aolewe na mwanamume mzima. Yeye angekwenda mbali, kwenye mashamba ya mkonge, asikojulikana. Mama alikaa kizingitini akilia bila sauti, kama alivyokaa hapohapo zamani, Benjamini alipopotea.

Lilikuwapo jambo alilolijua Severa peke yake.

Miaka ile ya foleni, mtu aliweka jiwe mahali pake akaenda shughuli zake, na jiwe likahesabiwa kuwa ni yeye. Jioni ya kuamkia siku ya kupimwa, Melkiori aliweka jiwe lake nje ya maabara, akamwacha Severa alilinde, akaenda kazini. Baadaye mama angekuja kushika zamu. Kabla hajafika, muuguzi alipita akisema kwamba mwenye kupimwa kichocheo aje akiwa amelala usiku na hana homa. Asiyeweza, aje wiki ijayo. Akagusa jiwe kwa ncha ya kiatu. "La nani hili? Umesikia?" Severa akajibu ndiyo, atamwambia. Hakumwambia. Jiwe lilikuwa mbele kabisa, na kuanza foleni upya lilikuwa jambo asilotaka hata kuliwaza. Asubuhi Melkiori alifika moja kwa moja kutoka karakana, macho mekundu, homa ya malaria iliyomshika tangu juzi bado mwilini, akatoa damu.

"Kaka," alisema, "muuguzi alikataza. Ulitakiwa uwe umelala, usiwe na homa. Mimi nilinyamaza."

Melkiori aliliachia fundo la shuka. "Umeniacha nikafe kwa jambo hilo?"

Mama alisimama, akawashika mikono wote wawili, wakaenda kwa Daktari Bakili.

Daktari alisikiliza, kisha akakunja uso. Alieleza kwamba kukesha na homa hushusha kichocheo kile hata kwa kijana mwenye afya, na kwamba kipimo kimoja hakimhukumu mtu. Akamtibu malaria, akamwandikia likizo ya zamu za usiku. Baada ya wiki kadhaa damu ilipimwa tena asubuhi, mara mbili, siku tofauti. Kichocheo kilikuwa sawa. Kilichomchosha kilikuwa upungufu wa damu ulioletwa na malaria, nao ulikuwa na dawa.

Melkiori hakucheka. "Na kama kingebaki chini, daktari?"

"Ningekutibu, kama ninavyomtibu mwenye sukari au mwenye presha. Ungekuwa Melkiori mgonjwa, siyo nusu ya Melkiori. Karani nimeshamwita nikamkanya, na nitamwita tena." Akamgeukia Severa. "Nawe binti, majibu ya damu ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ukweli wa mtu: alilala wapi, aliumwa nini. Ukiificha, sisi madaktari tunasoma karatasi kama vipofu, na mtu anaweza kupotea. Umechelewa kusema, lakini umesema akiwa bado yupo."

Severa aligeuka kumtazama kaka yake, kuhakikisha.