Uvundo wa Mtoto wa Gracia

Harufu ilianzia kwenye beseni. Asubuhi hiyo Vahwere alikuwa akimwogesha mjukuu wake wa wiki tatu, kama bibi anavyotakiwa kufanya binti yake akijifungua, na maji yalikuwa safi, ya uvuguvugu, yenye povu la sabuni. Lakini yalinuka nyama ya juzi. Akayamwaga, akachota mengine. Nayo yakanuka.

“Gracia, kuja usikie haya maji.”

Binti yake akainama. “Mama, mi nasikia sabuni tu.”

Ilikuwa siku ya tisa tangu aache vidonge. Alivimeza miaka kumi na moja, tangu mumewe alipouawa kwenye barabara ya Komanda na huzuni ikamlaza kitandani miezi mitatu. Vidonge ndivyo vilivyomnyanyua akarudi sokoni kuuza vitenge. Wanawake wa chumba cha maombi waliposikia kwamba ndiye anayemwogesha mtoto, walishika vichwa. Mama Bénédicte, kiongozi wao, mwenye sauti kubwa kuliko akili, alisema: “Mama mwenye kunywa dawa ya kichwa haoshake mutoto muchanga. Utamupatia pepo.” Basi Vahwere akavimwaga vyote kwenye makaa mbele yao, siku moja, nao wakapiga vigelegele. Wajinga wale! Pepo walilomwogopea mtoto, wao wenyewe ndio waliolikaribisha.

Kwanza kitu kama umeme kilimpiga kichwani kila alipogeuza macho. Kisha likaja jasho, na kichefuchefu. Halafu jambo lile likahamia mdomoni. Mate yakawa mazito, yenye mafuta. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikawa na ladha ya nywele. Alipojilaza mchana alisikia kitu kikitafuna taratibu nyuma ya meno yake mwenyewe, kikimeza, kikitafuna tena.

Siku ya kumi na mbili kikanong’ona, kwa sauti ya mtu aliyejaza chakula mdomoni: “Harufu haitoke mu maji. Inatoka mu mutoto.”

Vahwere alimpenda mtoto yule kupita kiasi, na hilo ndilo lililomtia hofu, kwa sababu alipomfunua akaona ngozi yake imelegea na kuteleza, akaona kitovu kinachuruzika, akasikia uvundo ukimpanda puani hadi machozi yakamtoka, na miguu yake, bila yeye kuiamuru, ikavuka ua, ikapita jiko, ikaingia chooni, ikasimama ukingoni mwa shimo lenye funza, na mikono yake ikaanza kunyooka, huku kile cha mdomoni kikimhimiza kwa utamu, “Tupa, mama, tupa, imeoza hii.”

Mtoto akapiga chafya.

“Gracia!” Vahwere akapaza sauti. Binti alipofika mbio, mama yake alikuwa amefumba macho. “Umuchukue. Upesi. Usiniulize kitu.”

Hawakurudi kwa Mama Bénédicte. Walikwenda kituo cha afya kwa Sébastien, muuguzi aliyempa vidonge miaka yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

“Miaka kumi na moja, na unakata siku moja? Hii dawa inapunguzwaka polepole, mama, miezi na miezi. Utaanza tena. Kisha siye wawili tutaishusha kidogo kidogo.”

Akaanza tena. Alilala kwa dada yake, mbali na mtoto, kwa kutaka kwake mwenyewe. Wiki ya tatu maharage yakawa na ladha ya maharage, na Vahwere akalia kwa furaha juu ya sahani. Mdomo wake ulikuwa wake. Jumapili akajifunga kitenge kipya, akaenda kumpakata mjukuu wake.

Alimkuta Gracia uani. Mtoto alikuwa analia kwa njaa, naye amemshika mbali na kifua, kwa ncha za vidole. Mikono yake ilikuwa imechubuka. Alitema mate pembeni, akafuta midomo, akatema tena.

“Umunyonyeshe, mwanangu,” Vahwere akasema. “Hausikie analia?”

Gracia hakuinua uso.

“Niko namuosha tangu asubui, Mama,” akanong’ona. “Haitoke.”