Mkeka wa Angetile

Hii hutaamini, lakini ilitokea huku kwetu Kyela, enzi za Mjerumani. Mwanamke alifungwa kwa sababu ya adabu tu!

Kijana Lutengano alikuwa anajifunza kusemea watu kwenye mashauri ya boma. Mwalimu wake, Nsajigwa, hakukaririsha mtu maneno. Alikukabidhi mtu mwenye shida ya kweli, basi. "Msaidie. Mimi nipo nyuma yako."

Mtu wa kwanza wa Lutengano alikuwa Angetile, mfinyanzi. Baba mkwe wake, Anyosisye, alidai Angetile amemchomea nyumba.

"Siku ile nilikuwa ziwani nachoma vyungu," Angetile alisema. "Wenzangu waliniona. Lakini nina mtoto, ndiyo kwanza anatambaa. Nikienda bomani nitarudi lini?"

"Jioni hiyo hiyo!" Lutengano alicheka. "Ukiulizwa, sema hivyo hivyo."

Siku ya shauri, Anyosisye alikaa mbele kabisa. Angetile alipomwona tu, akajifunika nguo usoni, akachuchumaa. Akaulizwa. Kimya. Akaulizwa tena. Kimya. Huku kwetu mke hamtazami baba mkwe, wala hasemi mbele yake.

"Amenyamaza, amekubali," Mzungu wa boma akasema. "Mfungeni."

"Angetile, sema!" Lutengano alipiga kelele. Wapi! Mnyororo ulishaingia shingoni.

Njiani kurudi Nsajigwa akamwuliza Lutengano, "Wewe Mnyakyusa wa wapi? Mkeo anaongea na baba yako?"

"Hapana, tata, mzee wangu. Hata njiani anamkwepa."

"Sasa huyu ulimfundisha la kusema. Ulimwuliza kama ataweza kulisema mbele ya wale watakaokuwepo?"

"Sikumwuliza," Lutengano akasema.

"Kesho nenda kwake gerezani. Usimfundishe. Msikilize. Halafu tukaombe shauri lisikilizwe upya."

Wakaomba, wakafukuzwa. Wakaomba tena. Masika ikaja, ikaisha. Mwishowe Mzungu akakubali.

Safari hii Lutengano alibeba mkeka. Wafinyanzi wawili wakaushika wima kama pazia, Angetile akakaa nyuma yake, asionane na baba mkwe. Sauti ikatoka, ndogo lakini imenyooka. Wenzake nao wakasema walichokiona. Akafunguliwa!

Tangu hapo, kila aliyekuja kwa Lutengano aliulizwa kwanza: "Yupo mtu huwezi kusema mbele yake?"

"Ndaga fijo, asante sana," Angetile alimwambia siku ile alipofunguliwa. Lutengano akamsindikiza mpaka kwao. Mtoto alikuwa anatembea sasa. Angetile akamnyooshea mikono. Mtoto akapiga yowe, akamkimbilia bibi yake aliyekuwa akimlea.

"Mama," Angetile akauliza, "hanijui?"

Bibi akamwinua mtoto. Angetile akageuka, akamtazama Lutengano.

Ungekuwa wewe umesimama pale mlangoni, ungefanya nini?