Saini Kumi na Mbili

Jumamosi kwetu Bagira huanza na bidoni, madumu ya maji. Kabla jua halijapasha mabati joto, mimi na ndugu zangu hushuka bombani, tukapanga mstari, tukagombana na wanaotaka kupenya mbele, kisha tukapanda kilima na maji kichwani. Mgombaji mkubwa ni mimi. Mama husema nyumba ya hasira zangu haina mlango, ndiyo maana hutoka saa yoyote.

Lakini Jumamosi ile niliamka na furaha. Naitwa Gisèle, na wakati huo nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa kiongozi wa kikosi cha Korongo katika kundi la skauti la parokia yetu. Zilibaki siku nane tu nivishwe beji ya Daraja la Kwanza, première classe kama tunavyosema wenyewe. Juu yake hakuna daraja jingine. Katika kundi letu hakuna msichana aliyekuwa amewahi kuifikia.

Nilikuwa nimeitafuta kwa miaka mitatu. Niliogelea ziwani huku Chef, kiongozi wetu mkubwa, ananitazama. Nilitembea siku nzima milimani kwa ramani na dira. Nilijenga jukwaa la miti kwa kamba tupu, bila msumari hata mmoja. Kila jaribio lilikuwa na ukurasa wake katika kijitabu changu, carnet, na kila ukurasa ulikuwa na saini.

Jaribio la mwisho lilikuwa kufundisha. Sharti uwafundishe wadogo kumi na wawili jambo linaloweza kuokoa uhai, na kila mmoja alifanye kwa mikono yake mbele yako. Akiweza, anasaini katika carnet. Mimi nilichagua maji ya mtoto anayeharisha, kwa sababu mvua zikianza kwetu, watoto huharisha sana. Unachukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Unaonja kwanza: chumvi isizidi ile ya machozi. Halafu unampa mtoto kidogo kidogo, na mnampeleka kituo cha afya.

Saba wa kwanza niliwafundisha vizuri. Walipima, wakakoroga, wakaonja. Watano wa mwisho niliwafundisha siku ambayo mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya Bagira na mama alikuwa amekataa kunipa sukari. Niliwapanga barazani pa shule ya parokia, nikasema haraka haraka: sukari sita, chumvi nusu. Nikauliza, “Mumesikia?”

“Ndiyo, yaya!” wakaitikia wote pamoja, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya.

Watoto wa kwetu wakiulizwa kwa pamoja huitikia ndiyo kwa pamoja. Tumezoezwa hivyo tangu darasa la kwanza, hata kama mwalimu amefundisha akiwa ametazama ubao tu. Mimi nililijua hilo vizuri, maana nami ni mmoja wao. Lakini matone yalikuwa yameanza kuanguka. Nikawapa kalamu, wakasaini, tukakimbia kila mtu kwao.

Basi Jumamosi ile ya furaha tulikuwa uwanjani pa parokia tukifunga mafundo, mara mama mmoja akaingia akitembea kwa kishindo. Alikuwa Maman Domitille, mama yake Nathalie, mdogo wa miaka kumi katika kikosi changu. Mkono mmoja alimshika Nathalie, mkono wa pili alishika chupa ya maji.

“Nani njo Gisèle hapa?”

“Ni mimi, maman.”

“Weye njo ulimufundisha Nathalie yangu dawa ya kuhara?”

“Ndiyo, maman.”

“Kunywa basi.”

Nilipokea chupa, nikanywa funda moja. Chumvi ilinikaba koo, nikatema yote kwenye nyasi. Wenzangu wakacheka.

“Unatema?” alisema Maman Domitille, na sauti yake ikawanyamazisha wote. “Jacques yangu iko na miezi munane. Yeye hakujua kutema. Mi nilikuwa soko, Nathalie akamupa hii maji, mutoto akatapika, akalegea mu mikono yangu. Iko mu kitanda ya centre de santé tangu jana, bamemutia serum, ile maji ya mu mushipa. Vijiko sita ya chumvi! Sita!”

“Yaya alisema sita,” Nathalie alisema kwa sauti ndogo. “Nilisahau ni sita ya nini.”

Hapo hasira zikanipanda. Badala ya kuuliza hali ya mtoto, nilifungua carnet na kuonyesha saini ya Nathalie. “Nilimwambia! Hakusikiliza. Angalieni, amesaini mwenyewe.”

Kiongozi wetu mkubwa, Chef Marcelline, alikuwa amesimama nyuma yangu. Yeye ni mwalimu wa darasa la tano, na huwa hapandishi sauti. Aliniuliza, “Gisèle, Nathalie alichanganya mbele yako?”

“Ndiyo, Chef.”

“Neno ya skauti?”

“Neno la skauti.”

Nathalie alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Mimi ni kiongozi wake. Mama yake akamvuta sikio. “Kumbe weye njo mujinga!” Akamvua skafu shingoni, akasema mtoto wake hatarudi tena mahali hapa. Wakaondoka, na tukaendelea kufunga mafundo.

Wiki ile nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilikasirishwa na Nathalie kwa kusahau, na mama yake kwa kuniaibisha, na mvua kwa kunyesha siku ile. Mama alisema twende tumsalimie mgonjwa, kama majirani wanavyofanya. Nikasema nina mazoezi ya shule. Mama alikwenda peke yake na ndizi zake. Jacques alirudishwa nyumbani Alhamisi, amekonda lakini mzima.

Siku hiyohiyo nilimkuta Nathalie bombani. Watoto wenzake walikuwa wakimwita Maman Chumvi na kumsukuma nje ya mstari. Nikawafukuza. Nathalie alinisogelea, akaninong'oneza, “Yaya, usiogope. Sikusema kitu. Beji utaivaa siku ya Mungu, baada ya misa?”

Nilitaka kumpiga kofi. Nasema kweli, nilitaka kumpiga! Angenitukana ningejua la kumjibu. Wema wake ulinichoma, nikajitwika bidoni langu nikaondoka bila hata kumuaga.

Jumamosi mchana, siku moja kabla ya sherehe, likakaa baraza la heshima. Ndivyo ilivyo desturi ya skauti: viongozi wa vikosi hukaa na Chef, wakapitia carnet ukurasa kwa ukurasa, wakaamua kama mwenzao anastahili. Tulikuwa darasani, viongozi watatu wa vikosi vingine, Chef Marcelline na mimi. Hugues, kiongozi wa kikosi cha Chui, ndiye aliyesema kwanza.

“Saini iko. Karatasi inasema. Mutoto alisahau, si kosa ya Gisèle.”

Wote watatu wakainua mikono. Nilishinda. Chef akafungua kalamu yake, akaanza kusoma majina ya ukurasa wa mwisho kwa sauti, kama inavyotakiwa. Alipofika kwenye majina ya siku ile ya mvua, akasoma la Nathalie, halafu la Dany, halafu ya wale watatu wengine.

Kwao Dany kuna mapacha wanaotambaa. Nilikuwa nawajua, nimewahi kuwabeba. Kwa wiki nzima nilikuwa nimefikiria jina moja tu, na jina hilo lilikuwa langu. Sasa niliona kwamba Nathalie alikuwa mmoja kati ya watano. Wanne walikuwa bado makwao, wana “sita” vichwani, na sikujua kama kuna hata mmoja anayekumbuka ni sita ya nini.

Nilipiga dawati kwa kiganja. “Chef, usisaini!”

Kalamu ikasimama.

“Hawakuchanganya. Nathalie hakuchanganya, na wale wanne hawakuchanganya. Sukari haikuwepo. Niliwaambia kwa mdomo tu, wakasaini.”

“Weye iko mujinga?” Hugues alinirukia. “Ungenyamaza tu! Sherehe ni kesho!”

“Na mapacha wa kwao Dany? Nao niwanyamazie?”

Chef Marcelline aliuvuta ukurasa karibu yake. Ningependa apige kelele. “Ulinipa neno ya skauti,” alisema polepole. “Mbele ya ule mama, na mutoto yake iko na serum mu mukono.”

“Ndiyo, Chef. Nilidanganya.”

Aliyakata majina matano kwa mistari mitano. “Première classe haiko tena. Kikosi chako kitaangaliwa na mwingine mpaka nione. Ingine tutazungumuza kesho. Sasa simama, tunaenda kwa hao batoto bote, kabla mwingine hajaharisha.”

Tulianza kwa Maman Domitille. Tulimkuta anafua mbele ya nyumba, Jacques ameketi kwenye mkeka, na majirani wawili wanasuka nywele. Nilisema yote, kwa sauti ya kusikika, na nikamwomba Nathalie msamaha kwa jina lake.

Maman Domitille aliacha nguo majini. “Nilimupiga,” alisema. Kisha akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka barabarani. “Nilimupiga mutoto yangu sababu yako! Nilimuita mujinga! Na weye ulikuwa unaniangalia tu, na karatasi yako mu mukono!”

Nathalie alikuwa ukutani analia kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo.

Maman Domitille aliingia ndani. Nilifikiri anafuata fimbo, na ningeipokea. Alitoka na maji yaliyochemshwa, sukari, chumvi na kijiko, akaviweka chini kwa kishindo. “Fundisha. Niko naangalia.”

Nikafundisha. Sikugusa kijiko hata mara moja. Nathalie alipima, akahesabu, akakosea, akamwaga, akaanza upya, akaonja. Mama yake akaonja pia, kisha majirani. Hakuna aliyetabasamu, lakini tulipoondoka, Nathalie alikuwa anawaonyesha majirani jinsi ya kusawazisha kijiko kwa kidole.

Kati ya wale wanne, mmoja tu alikumbuka sawasawa. Mmoja alifikiri maji hayapimwi. Mwingine alifikiri ni vijiko vya kupakulia mchuzi. Dany yeye alijibu kwa majivuno: “Vijiko sita ya chumvi na nusu ya sukari! Nilimufundisha ata shangazi wa Kamanyola kwa telefone.”

Chef Marcelline alifumba macho. Tulimpigia shangazi huko bondeni palepale kwa simu ya mama yake Dany. Alisema hajaitumia bado, ameiandika kwa makaa ukutani jikoni, na jirani zake wawili wameshaisoma. Tulimsubiri afute, aandike upya, atusomee alichoandika. Halafu tukamsubiri tena aende kuwaita wale jirani.

Tulipokuwa tunarudi, Chef aliniambia, “Umeona? Uongo yako ilikuwa inashuka Kamanyola, na weye ulikuwa Bagira unapiga pasi sare.”

Daraja la Kwanza nililitafuta upya kwa miezi minne. Ukurasa wa mwisho ulianza mtupu, maana niliomba hata wale saba wa kwanza warudie. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, na kila mmoja alichanganya mbele yangu na mbele ya mama yake. Aliyekosea hakusaini. Nilirudi kwake wiki iliyofuata. Nathalie alirudi kundini wiki ya tatu, na skafu yake ilikuwa imefuliwa.

Siku ya kuvishwa beji, baada ya misa, tulisimama uwanjani mbele ya wazazi. Kabla ya kuvisha, Chef huuliza kama kuna mtu mwenye neno juu ya skauti huyo. Kwa kawaida watu hunyamaza, na anaendelea.

“Niko na neno,” ikasema sauti nyuma.

Alikuwa Maman Domitille, Jacques mgongoni. Alipita katikati ya watu mpaka mbele. Mama yangu alishika kifua.

“Huyu mutoto alinidanganya,” alisema, akinionyesha kwa kidole. “Jacques yangu alikuwa karibu kufa, na yeye akaweka uongo juu. Nilikasirika, na hasira yangu haijaisha, mutu asiseme imeisha. Lakini hakuna mutu alimufuata kumukamata. Karatasi yake ilikuwa sawa, bakubwa balishakubali. Alikuja kwangu na miguu yake, akasema mbele ya bajirani. Musikilize, batoto: kukosa, siye bote tunakosa. Kuficha kosa njo kunaua mutu. Kosa ikisemwa mapema, bado inatengenezeka.” Akamgeukia Chef Marcelline. “Muvalishe. Na Jumamosi aje kwetu asubuhi, bamama ba avenue yetu banamungojea abafundishe.”

Chef alinivisha. Jumamosi nilikwenda, na niliwakuta akina mama kumi na tisa, kila mmoja na kijiko chake.