Kisu cha Mama Mkwe

Jirani yetu mmoja, tunagawana naye ukuta, tulimwita Mjuaji. Si sifa. Shule aliiacha njiani kama mimi, lakini mimi angalau najua nisichokijua. Yeye angekusahihisha hata unavyopiga chafya.

Kazi yake ilikuwa kupasua samaki kwenye banda la ufukweni. Siku hiyo jua lilikuwa lile lile, samaki wale wale, ubishi ule ule. Ila mkononi alikuwa na kisu cha marehemu mama mkwe wake, chuma cha kaboni, cheusi, kikali kuliko ulimi wa Mjuaji. Visu hivyo vinaishinda stenlesi kwa makali, lakini haviwezani na chumvi. Ukimaliza kazi unasuuza kwa maji ya bomba, unakausha, unapaka mafuta. Marehemu alifanya hivyo maisha yake yote, kabla hata ya kunawa mikono. Asubuhi, mke wa Mjuaji alimkabidhi kisu na kumsisitizia hayo hayo.

Wee, nani wa kumwambia Mjuaji! Kufika bandani akawachekesha wenzake kwamba bibi yule alikuwa akikibembeleza kisu kama mjukuu. Wakati wa kula akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya bahari, akaenda zake kushiba.

Aliporudi, kisu kinang'aa. Hakina hata doa.

"Mnaona?" akasema. "Kutu iko wapi?"

Kutu ilikuwa chini ya kucha zake.

Alidhani ni damu ya samaki. Akasugua. Haikutoka. Kufika jioni vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinakwaruzana kwenye viungo, kri, kri, kama bawaba za mlango mkuukuu. Na mkono ndio kila kitu kwa mpasua samaki. Bila huo, Mjuaji anabaki mdomo mtupu.

Mkewe alipouona hakupiga kelele. Akausuuza kwa maji ya bomba, akaukausha, akaupaka mafuta kidole kwa kidole. Vikalegea.

"Sasa niletee na kisu," akanong'ona. "Kikipona hicho, na wewe unapona, baba watoto."

Mwenye akili angekileta mbio. Mjuaji apangiwe maisha na kisu? Kesho yake akaenda hadi mwisho wa gati, akakirusha kwenye kina, akarudi kifua mbele.

"Nimeumaliza huo uchawi wa kwenu."

"Umekitupa wapi?"

"Baharini."

Mke akakaa chini. Akaifunga chupa ya mafuta. 

Mkono ukaanza kuliwa na kutu siku hiyo hiyo. Hauumi. Unapukutika tu. Akishika kikombe, anaacha ngozi ya kahawia kwenye kishikio. Akalia, yule yule wa kukusahihisha chafya.

Ndugu zake wakampeleka hospitali ya mbali, kule milimani, ambako bahari wanaiona kwenye kalenda. Daktari akaufunga bandeji, akakuna kichwa.

Muuguzi alipokuja kubadilisha, fundo halikuwa limeguswa. Akafungua. Hakuna damu. Hakuna usaha. Hakuna mkono. Unga wa kutu tu, umelowa.

Na juu ya unga ule, konokono mdogo wa baharini. Mzima. Anatembea.