Kimeibwa

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Mwanvita alifungua chumba cha mavazi cha Ukumbi wa Lukwangule, akakung'uta kanzu za wafalme, kisha akakifuta vumbi Kitabu kabla ya kuinjika chai. Alhamisi ile kitambaa chake kilipita juu ya rafu tupu.

Kitabu hicho kikubwa kilikuwa na picha na kumbukumbu za michezo arobaini na mmoja iliyochezwa na ukumbi huo tangu mwaka 1993: ule wa wafanyakazi wa reli uliowaliza watu wa Ngerengere, ule wa msimu wa mahindi ambao Gairo waliomba urudiwe mara tatu. Saa nne kamati ingefika Morogoro kuamua kama ukumbi ubaki wa maigizo au ugeuzwe ghala la saruji. Shahidi pekee wa kazi zote hizo alikuwa Kitabu. Na funguo za chumba zilikuwa mbili tu, moja ya meneja, Bi Maimuna, na moja ya Mwanvita.

Mwanvita hakuwa msemaji. Akishtuka, hata maneno yake machache aliyameza nusu. Alitoka mbio hadi jukwaani.

"Kimeibwa!"

"Kinyago?" Bi Maimuna aliruka. Wiki nzima hakukuwa na habari nyingine ila kinyago cha mfalme, kilichoazimwa kutoka kwa ukoo mmoja huko milimani. Hakungoja jibu, akakimbilia stoo.

"Nani kachukua kinyago?" Halidi, fundi taa, aliuliza akiwa juu ya ngazi.

Mzee Deogratias, mwigizaji mkongwe wa ukumbi, alikuwa ameketi karibu na tenga lake akingoja lori la kurudi Mgeta. "Si huyu Mnyamwezi, mtani wangu!" alicheka. "Halidi, rudisha kitabu cha watu. Mwaka jana viatu vyangu, leo kitabu?"

Bi Maimuna alirudi akihema. "Kinyago kipo! Mwanvita, unataka kuniua?"

"Ki... kitabu," Mwanvita alisema hatimaye. Mzee Deogratias akamwonyesha Halidi kwa kidole, bado akicheka.

"Kumbe utani tu!" Bi Maimuna alishusha pumzi. "Haya Halidi, kitoe. Kamati inakuja."

Halidi aliapa hana. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu mtani huapa hivyohivyo. Dakika arobaini ziliishia hapo. Saa mbili ilipogonga, hakuna aliyecheka tena, na macho ya Bi Maimuna yalikuwa kwenye ufunguo uliofungwa katika pindo la khanga ya Mwanvita.

"Kufuli ni zima," alisema polepole. "Mwanangu, kama kuna jambo, niambie kabla ya wageni."

Mwanvita alitaka kulia. Badala yake alimfuata Halidi.

"Mara ya mwisho uliingia chumbani lini?"

"Jana saa kumi na moja, kuchukua waya. Wewe mwenyewe ulikuwa mlangoni, dada."

Kweli. Na saa kumi na moja na nusu Kitabu kilikuwa bado rafuni. Baada ya hapo waigizaji waliingia kuvua mavazi, na saa kumi na mbili akafunga bila kutazama.

"Halafu nisikilize," Halidi aliongeza. "Viatu vya Mzee nilivitwaa msibani, nikavivaa, nikacheza navyo mbele ya watu. Mtani akichukua kitu hutamba nacho. Akichukua kwa siri, hapo hakuna utani. Ni wizi."

Mwanvita alikaa na chai yake iliyopoa. Alirudia asubuhi yote, neno kwa neno. Alisema "kimeibwa", basi. Bi Maimuna alisikia kinyago. Halidi alisikia kinyago.

Kikombe kikamponyoka.

Alimkuta Mzee Deogratias nyuma ya jukwaa, akifunga tenga kwa kamba.

"Mjomba," alisema. "Sikutaja kitu. Kila mtu alidhani ni kinyago. Wewe peke yako ulisema kitabu."

"Masikio ya uzee, mwipwa wangu."

"Jana kwenye mazoezi niliwaambia nimezibandua zile kurasa mbili za mwanzo za Kitabu zilizogandana miaka yote, ila sijazisoma. Na wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho kuvua kanzu."

Mzee alifungua kamba, akainua magunia matupu, akampa Kitabu kwa mikono miwili.

Ukurasa wa pili ulikuwa na mwandiko wa kulala: *Mvua ya Bondwa. Mtunzi: Regina.* Huo ndio mchezo wa kwanza kabisa wa Lukwangule, na kwenye bango lililokuwa mlangoni mtunzi aliandikwa Deogratias.

"Nilizigandisha mimi," alisema. "Mke wangu alisema, nani atakuja kutazama mchezo wa mama muuza karoti, weka jina lako. Mchezo ukapendwa. Nikapewa ngao, nikaitwa mtunzi. Kila mwaka nikasema nitasahihisha mwaka ujao. Kisha akafariki."

"Si ungeuchana tu ukurasa?"

"Nilijaribu jana. Ni mwandiko wake, mwipwa."

Mwanvita alifuta machozi kwa khanga. "Nitasema nimekipata. Ya ukurasa huu sitasema mimi."

Saa nne kamati iliketi, Kitabu kikiwa wazi mezani. Mwenyekiti alisoma, akatazama bango, akasoma tena.

"Sielewi. Huyu Regina ni nani?"

Bi Maimuna alimgeukia Mwanvita, Mwanvita akatazama sakafu. Kazi yake nyingine hapo ukumbini ilikuwa kusimama nyuma ya pazia na kuwanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau. Mara hii alifunga mdomo.

Mzee Deogratias alisimama. Aliwahi kuingurumisha sauti yake hadi viti vya mwisho. Sasa ilitoka ndogo, ya kawaida.

"Ni mke wangu. Mchezo aliutunga yeye. Kitabu nilikiiba mimi, na jina lake pia nililiiba mimi."