Mwenye Eda wa Iftin

Hebu tulia kidogo, uione nyumba. Iko mtaa wa Iftin, Garissa; ni ya mawe, ina vyumba viwili na ua wa mchanga. Ni saa saba mchana. Jua limewafukuza watu barabarani, mbuzi wamejibana kwenye kivuli chembamba cha ukuta, na maduka yamefungwa mpaka alasiri. Katika chumba cha ndani mwanamke amepiga magoti, kiganja chake kimegusa ukuta, na haelewi. Mvua haijanyesha kwa miezi mingi, lakini ukuta umelowa.

Mwanamke huyo aliitwa Osob. Alikuwa mshonaji sokoni, mjane, mwenye mtoto mmoja tu, Ikran, aliyeolewa mbali, Hulugho. Ikran alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili huko. Osob aliinunua nyumba ile mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba ili mimba ya tatu ikija, mtoto azaliwe Garissa, karibu na hospitali, na binti yake akae siku arobaini za uzazi kwa mama yake, katika chumba cha ndani chenye mlango wake.

Kabla ya kununua hakukurupuka. Alimleta Fundi Kulow aikague. Kulow aligonga kuta kwa nyundo, akaning'iniza timazi kwenye pembe, akapanda juu ya mabati. Alipofika chumba cha ndani alikuta pazia limeshushwa. Warfa, mwenye nyumba, akasema kwa sauti ya chini, "Humo yumo dada yangu. Amefiwa na mumewe, amekaa eda."

Kulow akarudi nyuma hatua mbili. Mwanamke anayekaa eda hutulia ndani miezi minne na siku kumi, na mwanamume wa kando hamchungulii. Akatoa salamu akiwa nje ya pazia. Sauti ya mwanamke ikaitikia polepole, kisha ikakohoa.

"Chumba kile sikukiona, eeddo," Kulow alimwambia Osob uani, akimwita shangazi kwa heshima. "Lakini fundi aliyejenga ni mmoja. Mchwa wakiing'ata nyumba hii watang'oka meno."

Osob angeweza kuingia mwenyewe, mwanamke kwa mwenzake. Alifika hadi kwenye pazia, akavua viatu. Hapo akaikumbuka eda yake mwenyewe, na wageni waliokuja kumtazama uso kuona kama amelia vya kutosha. Akavaa viatu vyake, akatoka. Aliona kwamba huo ndio wema.

Alipohamia, chumba kilikuwa kitupu. Warfa alikuwa ameshakwenda zake Mandera. Miezi ikapita, hadi Septemba, dereva wa lori alipoleta habari kutoka Hulugho: Ikran ana mimba ya miezi mitatu. Juma hilohilo ukuta ukalowa. Kisha ukapasuka. Ufa ulianza mwembamba kama uzi, ukapanda kutoka sakafuni hadi darini, na ndani yake ikatoka harufu ya udongo mbichi uliochanganyika na ubani wa zamani.

Kulow akaja na sururu, akachimba upande wa nje. Alipoinuka hakumtazama Osob usoni.

"Nisamehe, eeddo. Chumba hiki hakina msingi. Kiliongezwa baadaye. Mawe yamekaa juu ya mchanga mtupu, kama mtu aliyekaa mkekani."

"Na mchwa wako wenye meno?"

"Usinicheke. Nitakitengeneza bila malipo."

Alifanya kazi siku sita. Aliweka mawe, nondo na zege chini ya ukuta, akauziba ufa kwa saruji. Siku ya saba, saa saba mchana, ufa ukafunguka tena. Saruji ilikuwa imesukumwa kutoka ndani, ikaanguka mabonge mabonge. Kulow aliokota moja, akaligeuza kwenye mwanga wa mlango. Lilikuwa na alama za vidole.

"Hivi ni vidole vyako?" Osob aliuliza.

Kulow alilinganisha vidole vyake vinene na zile alama nyembamba, akaliweka bonge chini taratibu. "Mimi natumia mwiko, eeddo," akanong'ona.

Jioni ile Osob alimwita jirani yake, Amino, kwenye ukuta wa ua. "Yule dada yake Warfa alikwenda wapi?"

"Dada gani?"

"Aliyekuwa amekaa eda."

Amino akasogea karibu, akajifunika mdomo kwa shungi. "Warfa ana kaka wawili tu. Yule mwanamke tulikuwa tunamsikia akikohoa tangu miaka ya nyuma. Hatukumwona akiingia, wala akitoka. Tulidhani ninyi mmeambiwa."

Ikran angekuja Machi. Osob hakuwa na chumba kingine cha kumlaza mzazi, wala mtu wa kukimbilia kwake. Kesho yake, watu wote walipolala kukwepa jua, akaingia chumbani peke yake, akakaa sakafuni kuelekea ufa, na kwa muda mrefu hakusikia kitu isipokuwa mabati yakilia kwa joto, mpaka harufu ya ubani ikazidi, na ubaridi ukatambaa sakafuni ukamfika miguuni, na ndani ya ukuta, karibu sana, karibu kama mtu anayelalia nawe mto mmoja, mtu akavuta pumzi, akakohoa, akauliza kwa uchovu, "Leo ni siku ya ngapi?"

Osob alijisogeza nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango.

"Siku ile nilisikia viatu vyako," sauti ikasema. "Ulivivua. Nikajipanga vizuri nikupokee. Mbona hukuingia?"

Sheikh Mahat aliitwa. Alisoma siku tatu mfululizo juu ya maji, akayanyunyiza ukutani. Siku ya tatu alitoka akijifuta jasho.

"Kila nikisoma ananiitikia amina," alisema. "Ni jini Mwislamu. Anasema alifiwa, na hana wa kumhesabia siku. Sina aya ya kumfukuza mtu anayekaa eda."

"Nifanye nini, sheikh? Binti yangu anakuja."

"Mhesabie. Siku zikitimia hatakuwa na sababu ya kukaa humo."

Basi Osob akaanza. Kila siku saa saba alifunga cherehani sokoni, akarudi, akakaa mbele ya ufa na kutaja siku. Ya kwanza. Ya tano. Ya ishirini. Mvua kubwa ya mwisho wa mwaka ule ikaanza, mto Tana ukafurika, barabara zikakatika, habari za Hulugho zikakoma. Wiki nzima zilipita asiongee la moyoni na mtu ila sauti ile. Ilimuuliza habari za marehemu mumewe, naye akajikuta anasimulia mambo ambayo hakuwahi kumwambia hata Ikran. Zipo siku alitoka sokoni mapema kidogo kuliko ilivyohitajika.

Siku ya mia moja na thelathini alisema, "Zimetimia, ndugu yangu. Oga uende."

Ukuta ukakauka siku ileile. Kulow akauziba ufa, na safari hii saruji ikashika. Machi Ikran akafika juu ya lori, tumbo mbele, akajifungua salama mtoto wa kike. Osob aliwalaza katika chumba cha ndani. Usiku alilala kwa amani, jambo alilokuwa amelisahau.

Siku ya kumi na mbili ya uzazi alikwenda sokoni kununua samli. Aliporudi, alasiri imeingia, Ikran alikuwa ameketi kitandani akitabasamu.

"Hooyo," alimwita mama yake, "hukuniambia una rafiki. Amekuja kutupa hongera."

"Rafiki gani, mwanangu?"

"Hakutaja jina. Amesema alikuwa amekaa eda, hakuweza kutoka. Sasa siku zake zimetimia, anaweza kutembelea watu. Anakusifu sana. Akaomba kumpakata mtoto." Ikran akamvuta mtoto karibu. "Ana mikono baridi, maskini. Aliniuliza kwa mume wangu ni wapi. Nilitaka kumwambia, mtoto akalia. Amesema atakuja kesho nimmalizie habari."

Osob aliweka samli chini. Mzazi hatolewi nje kabla ya arobaini, lakini siku ile, kabla ya magharibi, alikuwa ameshampakia Ikran na mtoto kwenye lori la Hulugho, kiti cha mbele, amewafunika gubigubi.

"Panda nawe, hooyo," Ikran alisema huku akilia. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Akija akakuta mlango umefungwa, atawauliza majirani mmekwenda wapi, awafuate. Akinikuta mimi, atakaa."

Lori likaondoka. Osob akarudi nyumbani, na kesho yake saa saba akafungua mlango.

Ukipita Iftin wakati wa jua kali, ukamwona mama ameketi mlangoni na vikombe viwili vya chai, msalimie, maana wanaomsalimia ni wachache, na mjukuu wake hajamwona tena. Lakini nakuomba, mwanangu, ukumbuke jambo moja tu. Mgeni wake akikuuliza kwenu ni wapi, usimwambie.